Sanda ya Mtu wa Misri

Kituntu, Ijumaa, 1947. Mvua tangu asubuhi.

Nimetapika mara mbili. Nimesukutua mpaka fizi zinauma, na bado nasikia kinyaa.

Kesho wazee wa upande wa mchumba wangu wanakuja kupaona kwetu. Mama amechemsha kahawa mbichi kwa majani ya harufu, akaianika, wageni wapate cha kutafuna kama ilivyo ada. Leo mchana nikadokoa punje tatu kwenye kifurushi chake. Zilinukia vizuri, nikamsifu. Ya nne ikiwa mdomoni, ndipo nikakitazama kitambaa alichozifungia.

Ptuu!

Kitambaa kile nilikipata Misri nilipokuwa askari, kwa mchuuzi aliyezoea kuja kambini. Aliapa ni sanda ya maiti wa enzi za mafarao. Akanionyesha kwa vidole jinsi walivyouvuta ubongo kwa ndoana kupitia puani, matumbo wakayatia mitungini, mwili wakaufukia kwenye magadi mpaka ukakauka, kisha mafuta, utomvu, na vitambaa juu ya vitambaa. Nilicheka, nikampa sigara, nikakichukua. Mama amekikuta sandukuni mwangu, akadhani ni lubugo, lile gome la mti walilovaa wazee wetu.

Nikiri hapa: nilitaka kunyamaza. Wangetafuna, wangesifu, ningeoa. Nani angejua?

Lakini nilipomfikiria baba wa mchumba wangu akiitia ile kahawa mdomoni, nikaona siwezi. Nikamweleza mama yote.

Nilidhani atatema mate. Wapi! Alinitazama kama uchafu uliomwagwa mlangoni.

"Kwa hiyo yule mtu sasa yuko uchi?"

Nikakitazama tena kile kitambaa.

"Mimi ndiye niliyekuzaa, wewe? Unamvua maiti, unamweka pamoja na mashati yako!"

Kahawa yote ameimwaga. Ameniamuru nichimbe migombani, pembeni mwa kaburi la baba, nikizike kitambaa. Na kesho niwaambie wageni kwa kinywa changu kwa nini hakuna kahawa.

Nimezika. Mama alisimama kwenye mvua, akaniuliza jina la marehemu ili amwombee. Sikulijua. Miaka yote ile sikuwahi hata kujiuliza kama alikuwa mwanamume au mwanamke.

Kesho nitasema. Wakikataa kumpa binti yao mtu aliyenunua sanda ya mwenzake kwa sigara, nitawalaumu kwa lipi?