Bega la Kushoto

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unaweza tena kulipiga bila kushikilia benchi. Sisi tunajikongoja, kama watu waliofiwa. Mjukuu wako anaota jino, halali wala halazi. Naandika huku ananyonya, kwa hiyo mwandiko usinigombeze.

Barua yako imeniliza. Tangu nifunge ndoa kwa Waorthodoksi hukuwahi kuniandikia. Siku ile uliuliza mbele za watu, eti padri wao mwenye mke atapata wapi nafasi ya kusikiliza dhambi za wengine wakati za mkewe hazijaisha? Mume wangu alicheka kuliko wote. Leo unasema nirudi nyumbani, chumba changu umekipaka rangi, na marehemu mume wangu umemwombea misa, kwa kuwa mama mmoja wa parokia yako, aliyekuwa akiuguza mgonjwa kitanda cha pili hospitalini, amekuambia kwamba mwishoni alifanya ishara ya msalaba kama sisi, bega la kushoto kwanza. Umefurahi kwamba alikufa Mkatoliki.

Ningeweza kunyamaza, Baba. Nimechoka hoi, na chumba kile nakihitaji. Ila njia ya mwongo ni fupi, wewe mwenyewe katekista umewafundisha hivyo watoto wa watu.

Yule mama aliona kweli. Lakini mkono wa mume wangu, fundi viatu yule, uliozoea kuvuta uzi kwenye soli ngumu, haukuweza tena kujinyanyua. Alinionyesha kwa macho kwamba anataka kujifanyia msalaba. Nikaushika: paji la uso, kifua, halafu, kwa mazoea uliyonilea nayo, nikaupeleka kushoto. Akatikisa kichwa. Wao huanzia kulia. Nilijua, nilisimama naye kanisani kila Jumapili. Nikamwambia samahani, tuanze upya. Hatukuwahi.

Hakurudi kwetu, Baba. Alikufa katika imani yake. Mkono uliokosea ni wangu. Na mtoto atalelewa humo humo, ndivyo tulivyokubaliana mimi na baba yake.

Kumwombea usiache, nakusihi. Ila mwombee jinsi alivyokuwa.

Mama umpe salamu zangu, umwambie maziwa yanatoka vizuri. Kama baada ya haya chumba bado ni changu, nijulishe, nitakuja. Na hapo mezani pako, mtoto akikua, nitamshika mkono nimfundishe kuanzia kulia.

Ni mimi, kitinda mimba wako.