Askari wa Bure Simtaki

2 Februari

Shikamoo Baba,

Hiki kichwa changu ndicho kikali kuliko vyote vilivyowahi kunyolewa mtaa huu. Kinyozi mwenyewe anasema mashine yake inapata moto ikinipitia. Hujambo? Mgongo vipi? Mama mzima, anakusalimu.

Barua yako ya sataranji imefika. Umesogeza askari wa mbele ya askofu, umemwacha wazi nimle. Bure yako naijua, Baba. Nikimla tu, utanijia na farasi na ngome kama umeitiwa mwizi. Simli. Natoa askofu wangu mweusi, namweka anapochungulia ubavu wa mfalme wako.

Makubaliano yetu ni yaleyale. Ukishinda, narudi shule. Nikishinda, nabaki kwa fundi wa kuchomelea na hunisemi tena.

Mwanao, Bingwa

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo wangu ni wa mlinzi wa ghala, unasimama upende usipende. Simu ningepiga, ila kwenye simu wewe unabwabwaja tu.

Mtoto aliyekimbia hesabu ananikatalia mimi askari? Wenzangu wa lindo wamecheka mpaka wakakohoa. Haya, huyo uliyemkataa amemla askari wako wa katikati. Mwambie mama yako apige pasi sare ya shule.

Baba yako

11 Machi

Shikamoo Baba,

Habari za lindo? Sisi wazima. Jana nimechomelea geti, fundi akalipiga teke, halikutikisika. Sare mpe mwingine.

Ulipokula ulifungua mlango wako mwenyewe. Malkia wangu katoka mpaka pembeni, anamwambia mfalme wako asogee. Wasomee wenzako hiyo.

Mwanao, Bingwa

30 Machi

Mwanangu,

Msalimie mama yako. Mfalme wangu kasogea mbele hatua moja. Simkimbii mtoto niliyemfundisha mwenyewe farasi anavyoruka.

Baba yako

16 Aprili

Shikamoo Baba,

Afya njema? Uketi kwanza.

Malkia kamla askari wako uliyemsogeza kwanza kabisa, kasimama anamtazama mfalme usoni. Akirudi nyuma au akisonga mbele, malkia anamwona. Akikwepa pembeni, askofu wangu yupo. Kwingine kote kazibwa na watu wake mwenyewe. Umekwisha, mzee. Shule nitapita nje nikienda kazini.

Mwanao, Bingwa wa Mabingwa

25 Julai

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo. Najua hujambo, maana Mama anapata salamu zako kila mara kupitia yule mwenzako wa lindo. Zangu hazimo.

Fundi kanipa miwani yangu mwenyewe ya kuchomelea. Geti la zahanati ni kazi ya mikono hii, nenda popote useme. Yule askari wako hata leo ningemkataa, na shule sirudi.

Ila juzi nimepanga kete upya mezani, nikaucheza mchezo wetu peke yangu, pande zote mbili. Nimeona kulikuwa na njia nyingine, ndefu, ya kwenda polepole. Ingetufikisha hata mwakani, barua kwa barua.

Nilikufunga upesi mno, Baba.

Mwanao