Kila Tukitoka Matembezi, Baba Anatengeneza Bomba

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na ukitaka kucheka cheka tu, mke wangu ameshacheka.

Mimi ni fundi bomba, na likizo hii niliapa kuwatembeza wanangu wafurahi na wajifunze kitu, hasa binti yangu mkubwa anayeanza shule ya bweni wiki ijayo, basi nikawapeleka makumbusho, mdogo wake akabanwa, tukaanzia chooni, nikakuta koki inavuja, nikasema naikaza mara moja tu, kumbe imekwisha kabisa, nikampa binti tochi animulikie, tunatoka pale nimelowa hadi soksi, mlinzi anafunga milango. Tulipokwenda kutazama wanyama, nikaona maji ya bwawa la kiboko hayatoki, nikainama kumwelekeza mtunzaji kidogo tu, na wanangu siku hiyo waliona makalio ya baba yao zaidi kuliko walivyomwona kiboko. Mtunzaji akanishukuru sana, nami nikavimba kichwa, nikajiona baba wa mfano.

Jana nikatangaza safari ya ziwani. Binti akauliza kwa upole, “Baba, kule tunaenda kutengeneza nini?” Mama yake akacheka hadi akakaa chini, lakini mtoto hakucheka, akasema afadhali akakae kwa shangazi mpaka siku ya kwenda bweni. Imeniuma, mshauri. Sitaki aondoke hivi. Nifanye nini?

Fundi Niliyelowa

Fundi, pole, ila kwanza nikugombeze. Nani alikuajiri makumbusho? Mbele ya koki wewe ni bingwa, mbele ya maswali ya watoto unaogopa kuonekana hujui, ndiyo maana unakimbilia chooni. Usibishe.

Sasa nisikilize. Leo hii mwombe binti radhi, bila utani. Mwache achague yeye pa kwenda, hata kama ni kwenye bembea tu, na spana zako mwachie mkeo, azikalie ikibidi. Mtoto akikuuliza usilolijua, sema hujui, mkaulize pamoja. Ukiona bomba linavuja, mwite mhudumu halafu geuza shingo. Akishikilia kwenda kwa shangazi, usimlazimishe, mfuate huko huko mkapige soga.

Na siku ya kumpeleka bweni, mkumbatie pale getini, ulie kama kilio kipo, na usithubutu kuomba uonyeshwe mabafu.