Bati Zima, Ukuta Hakuna

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Maji yamepungua. Sote sita tu hai, alhamdulillahi – hata kuku watatu, walipanda kenchi. Tunalala darasani, shule ya msingi. Ukuta wa nyuma umeyeyuka, na wa chumba cha watoto. Paa limebaki juu ya nguzo. Mahindi yamekwenda. Leo sitalalamika.

Jumatatu, 14 Aprili

Wataalamu wanarusha droni tangu asubuhi. Inavuma kama nyuki. Mrushaji ni Ditram, wa Morogoro mjini. Anasema picha zinaingia kwenye kompyuta, akili mnemba inasoma kila paa na kulipatia rangi. Nyekundu, nyumba imebomoka. Kijani, nzima. Kwa mguu wangetumia wiki tatu kukagua nyumba zote hadi kijiji cha Zombo. Hivi ni siku mbili. Mungu awabariki.

Jumatano, 16 Aprili

Orodha ya watakaojengewa imebandikwa ofisi ya kijiji. Hatumo. Nyumba yetu – kijani.

Mudi, mume wangu, akasema tusiwasumbue watu waliokuja kutusaidia. Sikumsikiliza. Nikamfuata Ditram.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Twende ukaone."

Alisimama sebuleni, akawa anatazama shamba la jirani pale palipokuwa na ukuta. Kisha: "Droni inaona bati tu, mama. Nisamehe."

Hakubishana. Kapiga picha, kabadilisha rangi palepale. Ameomba kesho nizunguke naye, maana nyumba za udongo za hapa Masanze nazijua. Nimeshukuru mpaka nikakosa maneno.

Alhamisi, 17 Aprili

Tumeingia nyumba hamsini na tatu. Kumi na tisa ni kama yangu.

Mchana tukafika kwa Naeku, mke wa mfugaji. Kwenye ramani hana rangi yoyote – vichaka tu. Picha ya zamani ya setilaiti, wanayoilinganisha na ya droni, ilipigwa kabla hawajahamia hapa, na mafuriko yamesomba boma lote. Hakuna hata kijiti. Ditram akaeleza taratibu: mashine haiwezi kuhesabu kisichoonekana kwenye picha zote mbili. Wanatakiwa mashahidi wawili wa kijiji, waseme nyumba ilikuwepo.

Naeku hakulia. Aliniuliza tu, "Mama Rukia, si ulikaa humu ndani?"

Nilikaa. Mwanangu Rukia alipougua mwaka jana, mama huyu alinipa maziwa wiki nzima, hakudai kitu. Ni kweli pia ng'ombe wao walikula maharage yetu, na Mudi hajasahau. Nimeandika jina langu, shahidi wa kwanza. Nashukuru nimepata nafasi ya kuliandika.

Wa pili hajapatikana. Majirani waliotufuata wanatazama chini.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye gogo, Ditram anasubiri. Mudi amefika na baiskeli. Nimemweleza yote. Amemuuliza Naeku mlango ulikuwa wapi, ameilaza baiskeli kwenye tope, na sasa anapima boma kwa hatua, anamtajia Ditram namba aandike –