Breki za Gari la Shule

Ruthi mwanangu,

Ukitoka shambani, uji uko jikoni, uwape wadogo zako. Ng'ombe mkatie majani. Nimekwenda Same na mchungaji. Baba yenu ameshapelekewa habari kule Ndungu kwenye mpunga.

Asubuhi mjomba Mbonea alipita kunywa chai kabla ya kuwapeleka watoto shule. Akaniambia, "Dada, breki zimelegea tena. Nikikanyaga, mguu unazama mpaka chini." Nikamsihi asiende. Akacheka. "Bwana Mzungu wa shule anasema vipuri viko melini, vinatoka kwao Uingereza. Sasa watoto watembee na mvua hii?" Akaondoka.

Kwenye mteremko wa chini ya kanisa breki zikakataa kabisa. Angeweza kuruka, Ruthi. Hakuruka. Alilibana gari kwenye ukuta wa mlima, upande wake mwenyewe, mpaka likasimama. Watoto wote wamepona, wana michubuko tu.

~~Mjomba ameumia mguu, yuko hospitali.~~

Hapana. Wewe ni mkubwa, sitakudanganya. Mjomba amefariki, alikata roho njiani wakimpeleka Same. Naenda kumleta nyumbani.

Wadogo usiwaambie mpaka nirudi. Fagia uwanja, toa viti vyote nje, kaazime sufuria kubwa kwa mama Dorkasi. Nadhani wazazi wa wale watoto ndio watakaotangulia kufika. Wapokee vizuri, mwanangu, wasione haya kwamba wao wamerudishiwa watoto wao.

Mama yako