Kwa Mama Geuka, Mlinzi wa Ngozi ya Baba

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotutoka ghafla, shuka za Baba zikiwa bado kwenye beseni.

Mtaa mzima ulikuita Mama Geuka. Baba, fundi paa, alipoanguka akavunjika uti wa mgongo na kupoteza hisia kuanzia kiunoni, ulilishika neno hilo moja. Kitandani ulimgeuza ubavu huu na huu, asiote kidonda cha kulalia. Kitini ulimwamuru ajiinue kwa mikono. Ulinyoosha kila kunjo la shuka na kumkagua makalio kwa tochi mchana kweupe. Baba alilalamika kwamba ameoa askari. Ulicheka, ukaendelea.

Msibani kwako Baba alikaa kitini kutwa, siku zote, akipokea pole. Nani angemwambia mfiwa mbele ya wakubwa, "Baba, inua makalio"? Kila mtu alishika adabu, na yeye hakuhisi kitu. Tulipomvua suruali, ngozi ilikuwa imeiva, ngumu, ya moto. Baada ya siku chache ikafunguka.

Shangazi, kwa huruma, alitaka kupasugua kwa mafuta. Muuguzi tuliyemwita nyumbani akamshika mkono: "Ukisugua hapo, unazidi kuichana nyama ya ndani."

Kidonda kilichimba hadi tukaogopa mfupa. Homa ikampanda, akaweweseka akikuita. Muuguzi alikata nyama iliyokufa, akatufundisha kuosha na kufunga, akatuambia wazi: "Dawa nitaleta. Lakini akikilalia, tunajisumbua tu." Tukamlaza kifudifudi, tukamlisha mayai na maharage, roho mkononi.

Halafu akakataa kugeuzwa. "Niacheni nimfuate mke wangu."

Tulibembeleza, tukalia. Ndipo kitinda mimba wako, yule mpole asiyempandishia mtu sauti, akafoka: "Mama alihangaika na wewe miaka yote ile, halafu unataka kutuachia misiba miwili? Hatuwezi, Baba! Geuka!"

Mzee akashika ukingo wa kitanda, akajivuta mwenyewe.

Mama, kidonda kimefunga mwezi huu. Kovu bado ni laini, na hatulali usingizi mzito. Tumekukosa mno, hata makelele yako.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe: wanao watatu, dada yako, wifi yako, na mumeo, ambaye bado yu hai.