Buti za Mpira Mlangoni Petu

Malukhu, Mbale
14 Mei 2025

Mpendwa Shangazi Twaibah,

Assalam alaikum. Natumaini Shakul, anayekuletea barua hii, atakukuta mzima hapo Bugembe, na mguu wako umepata nafuu. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Kwa simu nisingeweza kuyasema haya.

Jumapili mvua kubwa ilinyesha mlimani, na maji yakaingia nyumbani hadi usawa wa kitanda. Hakuna aliyekufa, lakini kuku wa jirani wamekwisha wote, na vitabu vyangu vimekuwa uji.

Shangazi, kilichonishtua zaidi si maji. Yalipopungua, Baba alisimama barabarani akamfokea Afande Geresom, yule askari jela jirani yetu, kwamba ukuta wake mpya ndio ulioyarudisha kwetu. Baba, ambaye hata mimi hanipandishii sauti! Majirani wakaungana naye. Mmoja akaokota jiwe. Afande akasema, "Mzee Magid, tuzibue kwanza kalavati, hili bomba la maji chini ya barabara. Kama kosa ni la ukuta wangu, nitajifungia jela mwenyewe."

Wakazibua. Zikatoka chupa, mifuko, kisha sponji ya buluu ya kujazia viti, vipande kwa vipande, mpaka toroli likajaa. Unajua ni nani pekee mtaani anayeshona sofa. Watu wakamgeukia Baba. Halafu mtu akacheka: "Haji, njoo uchukue sofa yako!"

Baba aliingia ndani na hajatoka tena. Hata swala anaswali chumbani. Kitabu cha jiografia kinaeleza mvua, miteremko na mitaro. Hakikuniambia kwamba hofu hutafuta mtu wa kumbebesha lawama, wala kwamba aibu humfungia ndani mtu mzima. Nilidhani watu wakishajua, watatenda. Sasa Baba anajua kuliko wote, na hawezi kuvuka mlango.

Jana Afande aliacha buti za mpira mlangoni. "Mwambie mzee, Ijumaa baada ya swala tunamalizia kuzibua mtaro." Baba alisikia yote nyuma ya pazia. Buti bado zipo pale pale, na mawingu yamerudi mlimani.

Wewe ni dada yake mkubwa, anakusikiliza. Mpigie kabla ya Ijumaa, lakini tafadhali usimgombeze. Aibu anayo ya kutosha. Mwulize tu kama buti zinamwenea.

Nisalimie Ashiraf na Bibi Nangobi. Mwenyezi Mungu awalinde nyote na mvua hizi.

Ni mimi binti wa ndugu yako, nikupendaye sana,
Madinah